"Haipo kwenye bima" bado si jibu

SWALI: Famasi yetu iko Ngamiani, Tanga, na huwa tunapokea wanafunzi wa famasia walio fildi. Dawa wanazijua vizuri. Lakini mgonjwa akitoa kadi ya bima, utasikia tu, "Hii haipo kwenye bima, mama," naye mama anafungua pochi au anaondoka mikono mitupu. Nianzie wapi kuwafundisha?
Msimamizi, Ngamiani

JIBU: Anzia na sentensi hiyohiyo, maana imeficha mambo manne na kila moja lina mtu wake. Pengine kadi haiko hai. Hilo ni la mwajiri au ofisi ya mfuko wa bima, daktari hahusiki. Pengine dawa kweli haimo kwenye orodha ya bima, au haitolewi kwa ngazi ya kituo kilichoandika cheti cha dawa, basi mgonjwa arudi kwa daktari abadilishiwe. Pengine cheti hakina saini au ugonjwa haukuandikwa, na hapo simu moja inatosha. La nne ndilo la aibu: dawa imo, ila kijana kaitafuta kwa jina la kampuni. Cheti kimeandikwa Norvasc. Kwenye orodha atafute amlodipini. Neno "haipo" lisitoke mdomoni mwake kabla hajasema ni lipi kati ya hayo, na mama aelekee wapi.

Kisha hesabu. Chukua vyeti vya zamani kama 20, futa majina, wakae navyo. Metformini 500 mg 1x2 kwa siku 30 ni vidonge 60, hapo hakuna anayekosea. Wape insulini. Kichupa cha ml 10 chenye yuniti 100 kwa kila ml kina yuniti 1,000. Anayechoma yuniti 20 asubuhi na 10 jioni hutumia 840 kwa siku 28, kimoja kinamtosha. Je, anayechoma 10 tu kwa siku? Mwanafunzi atagawa, atapata siku 100, na atamwambia arudi baada ya miezi mitatu. Kosa. Kichupa kikishafunguliwa kwa kawaida hutupwa baada ya wiki 4 hivi, na joto la Tanga si la kufanyia majaribio. Anahitaji kipya kila mwezi, na sababu iandikwe kwenye fomu ya madai ya bima, kwani mkaguzi wa madai naye atagawa 1,000 kwa 10.

Cheti kikisema 60 na rafuni ziko 28, fomu iandikwe 28. Kuandika 60 kwa kutegemea mzigo wa kesho ni madai ya uongo, hata nia ikiwa njema.

Saini ya mgonjwa ije mwisho kabisa, dawa zikiwa mbele yake. Wazee wengi husaini fomu tupu kwa kuliheshimu koti jeupe. Mwanafunzi azoee kuizuia kalamu: "Subiri kwanza, babu, tuhesabu pamoja."