Jina Hufikaje kwenye Karatasi ya Kura? Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Tangu uchaguzi mkuu wa Tanzania wa Oktoba 2025 upite, wasomaji kadhaa wametuandikia wakiuliza si habari za siku ya kupiga kura, bali za zile wiki za Agosti ambapo majina yalipendekezwa, yakapitishwa au yakakatwa. Naona wameuliza panapostahili kuulizwa. Mwananchi anayepanga foleni kituoni asubuhi huchagua miongoni mwa majina aliyokwisha kuwekewa, na haki yake ya kuchagua haiwezi kuwa pana kuliko orodha hiyo. Toleo hili nimelitenga kwa maswali hayo peke yake.

Mjomba wangu aliongoza kura za maoni za chama katika kata yetu, nasi ndugu tukafurahi sana. Baadaye jina lililorudi kutoka vikao vya juu halikuwa lake. Je, anaweza kuidai nafasi hiyo mbele ya Tume ya Uchaguzi? (Msomaji wa Kahama)

Pole kwako na kwa mjomba wako. Kwa bahati mbaya hawezi. Ibara ya 67 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inamtaka anayegombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho, na udiwani nao huenda kwa msingi huohuo. Katiba haisemi chama kimpate mtu huyo kwa njia gani. Jambo hilo limeachwa kwa katiba na kanuni za kila chama, na katika vyama vyetu vikubwa kura za wanachama ni maoni yanayopelekwa kwenye vikao, navyo vikao ndivyo vyenye neno la mwisho. Ndani ya CCM, mwaka 2020 na tena 2025, wapo walioongoza kura za maoni ambao majina yao hayakurudi.

Msimamizi wa uchaguzi hana mamlaka ya kuhesabu upya kura hizo wala ya kuuliza kwa nini wa pili amempita wa kwanza. Anachotazama ni kama fomu iliyo mbele yake imethibitishwa na chama, kwa saini ya kiongozi anayestahili na muhuri. Mjomba wako njia yake ni rufaa za ndani ya chama, na hizo zina muda mfupi. Binafsi ninaamini chama kinachowaita wanachama wake kupiga kura kinawiwa na wanachama hao angalau maelezo ya maandishi pale kinapoamua vinginevyo.

Kumbuka pia kwamba hata huyo ambaye jina lake limerudi bado si mgombea mbele ya sheria. Chama humpendekeza tu. Anayemteua ni msimamizi wa uchaguzi, au Tume yenyewe kwa nafasi ya urais.

Shikamoo. Ninakusudia kugombea udiwani mwaka 2030 kupitia chama changu. Ninaomba kuelezwa hatua kwa hatua ninachotakiwa kuandaa, maana nimesikia kuna watu walienguliwa kwa sababu ya fomu tu. (Msomaji wa Masasi)

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuuliza mapema, kwa kuwa muda wenyewe ukifika huwa mfupi. Mwaka 2025 fomu za urais zilianza kutolewa tarehe 9 Agosti na za ubunge na udiwani tarehe 14 Agosti, na zote zilipaswa kurejeshwa kufikia tarehe 27 Agosti, ambayo ndiyo ilikuwa siku ya uteuzi, saa kumi jioni. Ratiba ya 2030 itatangazwa na Tume, lakini usitarajie muda mrefu sana kuliko huo.

Fomu ya udiwani, inayojulikana kama Fomu Namba 8C, huchukuliwa kwa msimamizi msaidizi wa uchaguzi ngazi ya kata. Mgombea ubunge huchukua Fomu Namba 8B kwa msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, na mgombea urais huchukua Fomu Namba 8A ofisini kwa Tume, Njedengwa, Dodoma. Ndani ya fomu mna maelezo yako binafsi, maelezo ya wadhamini wako, uthibitisho wa chama chako, na tamko la kisheria kwamba una sifa na una nia ya kugombea. Mwenye kugombea urais hulitoa tamko lake mbele ya jaji, na ninyi wengine mbele ya hakimu. Hapo ndipo wengi hujichelewesha, kwa sababu hakimu ni mmoja na wagombea ni wengi, hasa katika wilaya ambazo mahakama iko mbali na kata. Kuna pia picha zako na fedha ya dhamana: shilingi 5,000 kwa udiwani, 50,000 kwa ubunge na 1,000,000 kwa urais.

Suala la wadhamini linastahili uangalifu wa pekee. Mgombea urais anatakiwa kudhaminiwa na wapiga kura wasiopungua 200 katika kila mkoa, katika mikoa isiyopungua 10, ambayo angalau miwili kati yake iwe ya Zanzibar. Yaani watu wasiopungua 2,000 kwa jumla. Mgombea ubunge huhitaji wasiopungua 25 wa jimboni, na diwani wasiopungua 10 wa katani. Kila mdhamini lazima awe ameandikishwa katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura katika eneo linalohusika, na aliyekwisha kumdhamini mgombea mmoja hapaswi kumdhamini mwingine wa nafasi ileile. Kwa hiyo usimtafute mdhamini kwa kuwa ni rafiki tu. Mwombe akuonyeshe kadi yake, nakili namba kama ilivyoandikwa, hakikisha kuwa hajahamia kata nyingine, na uwe na watu kadhaa zaidi ya idadi inayotakiwa, ili mmoja akionekana ana kasoro fomu yako isianguke naye.

Hayo uliyoyasikia juu ya fomu ni kweli. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019, ambao ulisimamiwa na wizara na si Tume, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, baadhi yao kwa makosa kama ya kuandika kifupi cha jina la chama badala ya jina kamili. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba waziri mwenye dhamana aliagiza wengi wao warudishwe, ingawa vyama kadhaa vilikuwa vimekwisha kutangaza kujitoa. Ninasema wazi kwamba kumnyima mtu nafasi ya kupigiwa kura kwa ajili ya kifupisho ambacho kila mtu mtaani anakijua ni kuwaonea pia wapiga kura wake. Hata hivyo wewe usiende huko ukitegemea huruma ya msimamizi. Andika jina lako kama lilivyo kwenye daftari, andika jina la chama kwa ukamilifu, usiache nafasi yoyote wazi, na urejeshe fomu siku chache kabla ya mwisho, kwa sababu kosa linaloonekana mapema linaweza kurekebishwa, lakini linaloonekana baada ya saa kumi jioni ya siku ya uteuzi huwa mali ya atakayekuwekea pingamizi. Ukirejesha, baki na nakala na ushahidi wa saa uliyoipokelesha.

Jambo la mwisho ni Maadili ya Uchaguzi. Mgombea hujifunga kuyaheshimu, na vyama navyo huyasaini kabla. Tarehe 12 Aprili 2025 CHADEMA, kilichokuwa kikidai mabadiliko ya mfumo wa uchaguzi kwanza, hakikuhudhuria utiaji saini Dodoma, na Mkurugenzi wa Uchaguzi akatangaza kwamba chama kisichosaini hakitashiriki uchaguzi wa mwaka huo. Hivyo chama kikuu cha upinzani kilikuwa kimefungiwa mlango miezi minne kabla ya fomu ya kwanza kutolewa. Kabla hujalipia chochote, hakikisha chama chako kiko ndani ya utaratibu huo.

Kwa nini mtu mwenye sifa zote asigombee bila chama? Jirani zetu wa Kenya wanaruhusu. (Msomaji wa Arusha)

Swali lako lina historia ndefu mahakamani, na sehemu yake imeandikwa katika mji unaoishi. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alifungua shauri juu ya jambo hili mara tu baada ya vyama vingi kurudi, na mwaka 1994 Mahakama Kuu, chini ya Jaji Lugakingira, ilikubaliana naye kwamba mwananchi ana haki ya kugombea bila kupitia chama. Bunge likajibu mwaka huohuo kwa kuirekebisha Katiba ili uanachama wa chama uwe sharti lisilo na shaka. Mtikila hakukata tamaa. Alirudi mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa ushindi tena. Serikali ikakata rufaa, na mwezi Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo, ikisema kwamba suala hilo ni la kisiasa na linapaswa kuamuliwa na Bunge.

Akaenda basi kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake hapo Arusha, pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, waliokuwa na shauri lao juu ya jambo hilohilo. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo iliamua kwamba Tanzania, kwa kuwazuia wagombea binafsi, inakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ikaielekeza ichukue hatua za kikatiba na za kisheria kuondoa ukiukaji huo. Mtikila alifariki Oktoba 2015, na uchaguzi wa mwaka huo, wa 2020 na wa 2025 yote imefanyika pasipo mgombea binafsi hata mmoja.

Kenya, kwa Katiba yake ya 2010, humruhusu anayegombea bila chama mradi asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na anayetaka urais lazima aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila kaunti, katika kaunti zaidi ya nusu, yaani angalau 24 kati ya 47. Sharti hilo ni zito, nalo linatosha kuwachuja wasio na wafuasi. Sioni hoja inayobaki ya kumlazimisha mtu mwenye heshima katika eneo lake aombe kwanza ridhaa ya chama.

Nina umri wa miaka 20 na nimepiga kura. Je, ninaweza kugombea udiwani? (Msomaji wa Iringa)

Bado. Kupiga kura ni kuanzia miaka 18, lakini kwa udiwani na ubunge lazima uwe umetimiza 21. Kwa urais ni 40, tena uwe raia wa kuzaliwa. Kufikia 2030 utakuwa umepita umri wa udiwani na ubunge.

Mgombea akishateuliwa, nani anaweza kumwondoa? Na akiondolewa kwa uonevu, anakwenda wapi? (Msomaji wa Tanga)

Baada ya uteuzi, fomu za wagombea hubandikwa hadharani ili zikaguliwe, na muda wa pingamizi huisha saa kumi jioni ya siku inayofuata. Wagombea wenzake wanaweza kuweka pingamizi, na Msajili wa Vyama vya Siasa na Mwanasheria Mkuu wa Serikali nao wana nafasi hiyo. Wewe mpiga kura ukijua jambo la kweli juu ya sifa za mtu, lipeleke mapema kwa mgombea au chama unachokiamini. Msimamizi huamua, na asiyeridhika hukata rufaa Tume. Uamuzi wa Tume haupingwi mahakamani ila kwa kesi ya uchaguzi baada ya matokeo, wakati kampeni imekwisha na mtu mwingine ameapishwa.

Kwa urais njia ni nyembamba zaidi. Luhaga Mpina, aliyepitishwa na ACT-Wazalendo mwaka 2025, alizuiwa kurejesha fomu tarehe 27 Agosti baada ya Msajili kutamka kwamba uteuzi wake ndani ya chama ulikuwa batili. Mahakama Kuu Dodoma ilimpa haki yake tarehe 11 Septemba, Tume ikampokea na kumteua, kisha siku chache baadaye ikamwengua tena kwa kukubali pingamizi la Mwanasheria Mkuu. Shauri jingine alilolifungua halikumrudisha. Ibara ya 74(12) ya Katiba yetu inazizuia mahakama kuchunguza yaliyotendwa na Tume katika madaraka yake, na ibara ya 41(7) inazuia kuhojiwa kwa uchaguzi wa Rais aliyekwisha kutangazwa. Hiyo ya pili nayo Mahakama ya Afrika ilishatamka, tarehe 15 Julai 2020, kwamba inakiuka Mkataba wa Afrika.

Mwaka 2020 jimboni kwetu hatukupiga kura ya ubunge kwa sababu alibaki mgombea mmoja. Je, hali hiyo inaweza kujirudia? (Msomaji wa Lindi)

Hamkuwa peke yenu. Wabunge 28 wa CCM walitangazwa mwaka ule kuwa wamepita bila kupingwa, baada ya wapinzani wao kuenguliwa au kushindwa kurejesha fomu, na wapiga kura wa majimbo hayo hawakupewa karatasi ya ubunge kabisa. Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ya mwaka 2024 imebadili utaratibu huo: mgombea aliyebaki pekee hupigiwa kura, na mpiga kura huweza kumkubali au kumkataa.

Ni hatua njema, nami nilifurahi ilipopitishwa. Lakini angalia inakofikia na inakoishia. Kura ya hapana humzuia yule mmoja. Haimrudishi mwenzake aliyeenguliwa mwezi Agosti kwa kasoro ya namba ya mdhamini. Ndiyo maana, ifikapo 2030, ninakushauri uende mwenyewe kwenye ofisi ya msimamizi alasiri ya siku ya uteuzi, usome fomu zilizobandikwa, na uwaulize viongozi wa chama chako kama zimejazwa sawasawa wakati bado kuna saa za kukata rufaa.