Namtambua nikiwa nimechelewa

Juma lililopita mliuliza: "Unafanya nini ili usimsahau Mungu katikati ya shughuli za kila siku?" Nimekaa na swali hilo siku kadhaa, maana kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa kujilaumu tu.

Namuuguza mama yangu, ambaye kiharusi kilimpooza upande wa kulia. Siku zetu zinafanana: kumgeuza kitandani, kumwogesha, kumlisha, kufua mashuka, kesho tena. Mwanzoni nilijiwekea kanuni ya kuomba kila saa, nikatega na kengele ya simu. Ikilia, mara nyingi mikono imejaa povu au mama amepaliwa, basi naizima kwa hasira. Usiku nalala nikijiona nimeshindwa. Nilikuwa nimemgeuza Mungu kuwa kazi moja zaidi juu ya zile zilizokuwa zikinielemea.

Aliyenifungua macho ni Yakobo. Katika Mwanzo 28 yuko safarini akimkimbia ndugu yake, jua limemchwea, anatwaa jiwe analiweka chini ya kichwa chake, analala. Anapoamka anasema: "Kweli BWANA yupo mahali hapa, wala mimi sikujua." Maneno hayo nilikuwa nikiyasoma kwa kuegemea "yupo". Siku moja nikakwama kwenye "sikujua". Yakobo alitambua baadaye, usingizi ulipokwisha, na hakukaripiwa kwa kuchelewa. Alikuwa ameshaahidiwa, akiwa usingizini, kwamba Mungu atakuwa naye kila aendako.

Tangu hapo naanzia nyuma. Kabla ya kuzima taa naipitia siku nzima toka alfajiri, tendo kwa tendo, nikiuliza Mungu alikuwa wapi. Ignasi wa Loyola, mtakatifu wa Kanisa Katoliki aliyeanzisha shirika la Wajesuiti, aliwafundisha watu kuichunguza siku namna hii katika karne ya 16, na hatua yake ya kwanza ni kushukuru. Dhambi zinafuata baadaye. Mpango huo naushika sana. Nikianza na makosa, nitajitazama mimi mwenyewe mpaka usingizi unichukue.

Usiku mmoja nilikumbuka kwamba asubuhi, nilipokuwa nikimfuta mama uso, alinishika kidole akakaa nacho. Mimi wakati ule nilikuwa nawaza mashuka. Nilikaa kitandani gizani nikalia, si kwa majuto, bali kwa sababu nilikuwa nimepewa kitu kikubwa namna ile na kilikuwa bado kinanisubiri.

Baada ya miezi kadhaa kuchelewa kwangu kulianza kupungua. Nikawa nakumbuka mchana, kisha mara mojamoja mikono ikiwa bado ndani ya beseni. Si kila siku. Zipo wiki nzima ninapofua na kupika bila kumwaza Mungu hata kidogo, na sitaki kumdanganya msomaji anayepita hapo sasa.

Wiki za namna hiyo namkumbuka Ndugu Lawrence, mtawa wa shirika la Wakarmeli huko Paris aliyefariki 1691. Alifanya kazi ya jikoni miaka mingi, kazi ambayo kwa tabia yake hakuipenda, na huko ndiko alikojizoeza kuongea na Mungu. Kinachonifariji zaidi ni jinsi alivyofanya alipoteleza: alikiri kwamba Mungu akimwachia ajiendeshe mwenyewe hataweza kufanya vinginevyo, kisha akaendelea na kazi bila kusumbuka tena. Hakupoteza muda kujiadhibu. Mimi nilipoteza miaka.

Leo asubuhi, nikimsugua mama mgongo, nilijikuta nikisema kwa sauti ya chini, "Yupo mahali hapa." Mama, ambaye tangu augue maneno humtoka kwa shida, akaitika, "Yupo." Kisha akanionyesha beseni kwa mkono wake mzima. Maji yalikuwa yamepoa. Nikaenda kuongeza ya moto.