Maswali ya Safari: Wikendi moja katika jiji la jirani

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: mtu ana wikendi moja tu, jiji kubwa liko saa chache kutoka kwake, na hajui aanzie wapi. Tumechagua sita. Majibu ni ya dawati letu la safari.

SWALI: Mimi na mwenzangu tunataka kwenda jiji la jirani, kilomita 250 kwa basi. Ijumaa tunatoka kazini saa kumi na moja jioni, na Jumatatu asubuhi lazima tuwe kazini. Tumeorodhesha sehemu kumi na moja za kutembelea. Tupange vipi ili tuzimalize zote?

Hamtazimaliza, na ni heri mlijue hilo mkiwa bado nyumbani kuliko Jumapili mchana mkiwa mnakimbizana na basi.

Anzeni kupanga kutoka mwisho. Tafuteni kwanza ratiba ya mabasi ya kurudi Jumapili, kisha mkate tiketi ya basi lililotangulia lile la mwisho. Basi la mwisho la Jumapili ndilo kila mtu analitaka. Likijaa au likiharibika njiani kuja, mtalala huko na Jumatatu imeharibika. Mkichukua la kabla yake, bado mna njia ya pili.

Tuseme mmepata la saa tisa alasiri. Stendini mfike saa nane na nusu. Safari ya kutoka katikati ya jiji kubwa hadi stendi ipeni saa nzima, maana foleni haina adabu hata Jumapili. Hivyo saa saba na nusu mchana ndipo matembezi yenu yanapokoma. Asubuhi hiyo hiyo hoteli nyingi hutaka funguo kati ya saa nne na saa tano, kwa hiyo fungeni mizigo mapema, muwaombe mapokezi wawawekee mabegi, na saa tatu na nusu muwe mmeshatoka. Mna saa nne. Toeni moja ya chakula, zimebaki tatu.

Jumamosi mkitoka saa tatu asubuhi na kurudi saa moja jioni ni saa kumi. Kula na kupumzika kutakula mbili, kutoka sehemu hadi sehemu mbili nyingine. Zimebaki sita. Jumla ya wikendi yenu yote, basi, ni saa tisa. Makumbusho ya ukubwa wa kawaida, ukihesabu foleni ya tiketi na ukaguzi wa mikoba mlangoni, huchukua saa mbili. Soko kubwa saa moja na nusu. Bustani au ufukwe hauna kipimo, mtu hukaa anavyotaka. Gawanyeni tisa kwa mbili mtaona wenyewe: sehemu nne, tano mkibahatika.

Kuzichagua hizo nne, kila mmoja aweke alama kwenye sehemu mbili ambazo hatakubali kuzikosa, bila kushauriana na mwenzake. Mkigongana kwenye moja, mmepata nafasi ya ziada. Zilizobaki msizifute, ziwe akiba ya siku ya mvua au ya mlango uliofungwa.

Kisha wekeni zote kumi na moja kwenye ramani ya simu kwa alama ya kuhifadhi. Hapa ndipo orodha hujipanga yenyewe: mtaona nyingi zimejikusanya mitaa miwili au mitatu, na moja imejitenga upande wa pili wa jiji. Hiyo iliyojitenga itawagharimu saa moja na nusu ya kwenda na kurudi kabla hamjaona chochote. Kama si miongoni mwa zile nne, iacheni bila majuto. Mtaa wenye sehemu nyingi uwe wa Jumamosi. Zilizo karibu na hoteli, au zilizo njiani kuelekea stendi, zingojee Jumapili. Sehemu yenye foleni maarufu iendewe Jumamosi asubuhi inapofunguliwa. Ikifika saa tano, foleni huwa imeshazunguka jengo.

Angalieni pia saa ya mwisho ya kuingia, siyo saa ya kufunga pekee. Makumbusho mengi husimamisha kuuza tiketi nusu saa hadi saa nzima kabla ya kufunga, na watu wengi hugeuziwa mlangoni kwa sababu hiyo. Tafuteni taarifa hiyo kwenye ukurasa wa sehemu yenyewe, kwani saa zinazoonekana kwenye ramani wakati mwingine ni za zamani. Kabla ya kulipia chumba, angalieni kama kuna mechi kubwa, mkutano au mbio za barabarani wikendi hiyo. Vyumba hupanda bei na barabara hufungwa.

Kuhusu Ijumaa: basi likienda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, kilomita 250 ni saa nne na dakika kumi. Ongezeni msongamano wa jioni na kusimama njiani, hesabuni tano. Mkiondoka saa kumi na mbili jioni mtashuka saa tano usiku. Wapigieni hotelini siku moja kabla muwaambie saa mtakayofika. Mapokezi ya hoteli ndogo hufungwa usiku, na chumba ambacho hakijalipiwa kinaweza kupewa mwingine. Mkiona usiku huo ni mrefu mno, ondokeni Jumamosi alfajiri. Mtaokoa bei ya usiku mmoja, ila mtapoteza karibu nusu siku na mtatembea bila chumba hadi mchana. Sisi tungeondoka Ijumaa.

SWALI: Nimepata chumba cha bei nafuu pembezoni mwa jiji, na kingine katikati ambacho ni ghali. Mapokezi wa kile cha pembeni wanasema ni "karibu na kila kitu". Nichukue kipi?

Neno "karibu" halina kilomita ndani yake. Weka anwani ya chumba kwenye ramani, chagua sehemu mbili utakazokwenda, halafu uliza njia ya usafiri wa umma kwa saa utakayosafiri kweli, yaani Jumamosi asubuhi na Jumamosi usiku. Umbali unaoandikwa kwenye kurasa za kukodi vyumba mara nyingi hupimwa kwa mstari mnyoofu, kana kwamba hakuna mto wala reli katikati. Kilomita mbili za namna hiyo zaweza kuwa nne za miguu, na mtu wa kawaida hutembea kilomita nne hadi tano kwa saa.

Baada ya hapo piga hesabu. Chukua nauli ya kwenda na kurudi, zidisha kwa idadi ya watu, zidisha kwa siku. Ongeza teksi moja ya usiku, kwa sababu utaihitaji: usafiri wa umma wa kwenda pembezoni hupungua usiku na mahali pengine hukatika kabisa. Jumlisha na bei ya chumba cha pembeni. Kwa mtu mmoja anayelala usiku mmoja, cha katikati mara nyingi hushinda au hutoka sare. Kwa watu wanne wanaokaa siku tatu hesabu inaweza kugeuka, hasa kama cha pembeni kina jiko.

Kabla ya kulipa uliza mambo haya: bei ni ya chumba au ya kila kichwa, kodi na ada ya usafi zimo, kifungua kinywa kimo, na mwisho wa kughairi bila kukatwa ni lini. Bei ya chini kabisa kwa kawaida ndiyo isiyorudishwa. Ukisoma maoni ya wageni, panga yaje mapya kwanza na uishie miezi mitatu ya nyuma. Tafuta maneno mawili tu: maji na kelele. Mengine ni ladha ya mtu.

SWALI: Tiketi yangu ya treni imeandikwa Jumamosi 00:30. Nimejipanga kufika stesheni Jumamosi usiku. Rafiki yangu anasema nitakuwa nimechelewa siku nzima. Nani mkweli?

Rafiki yako. Siku kwenye tiketi hubadilika saa sita usiku. 00:30 ya Jumamosi ni saa sita na nusu ya usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Uwe stesheni Ijumaa, kabla ya saa sita.

Kosa hili hushika watu wengi kwa sababu tunahesabu saa kwa namna yetu, na tiketi huhesabu kwa namna nyingine. Toa sita kwenye saa iliyoandikwa (ikiwa ni kabla ya 07:00, kama yako, ongeza sita badala ya kutoa): 08:00 ni saa mbili asubuhi, 15:00 ni saa tisa alasiri. Ikizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili tena: 19:30 inakupa 13:30, yaani saa moja na nusu jioni. Tiketi zenye AM na PM zina mtego wao: 12:30 AM ni usiku wa manane, 12:30 PM ni mchana.

Na chumba ukikague kwa jicho hilo hilo. Ukifika Jumamosi alfajiri, chumba ulichokodi kuanzia Jumamosi hakitafunguliwa hadi mchana, kwa kawaida saa nane au saa tisa. Ama ukilipie kuanzia Ijumaa, ama uombe kuacha begi.

SWALI: Safari iliyopita simu ilizima mchana na tiketi zote zilikuwa humo. Pawabenki ya mAh 10,000 itatosha watu wawili kwa siku nzima?

Kwa mmoja inatosha vizuri, kwa wawili ni ya kubana. Namba hiyo 10,000 ni ya seli za ndani, ambazo hutoa volti 3.7. Simu huchajiwa kwa volti 5 au zaidi, na katika kupandisha volti sehemu ya umeme hupotea kama joto. Ndiyo maana pawabenki hupata moto mfukoni. Kinachofika kwenye simu ni kama mAh 6,000 hivi. Simu yenye betri ya 5,000 itajaa mara moja na kubaki kidogo. Kwa wawili chukueni ya 20,000. Kama mnapanda ndege, hiyo ni kama Wh 74 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri), chini ya kikomo cha Wh 100 kinachokubaliwa kwa kawaida, lakini ibebwe mkononi, si kwenye mzigo unaoukabidhi uwanjani.

Dawa kubwa zaidi, hata hivyo, ni kuipunguzia simu kazi. Pakua ramani ya jiji zima ukiwa nyumbani kwenye waifai. GPS hupokea mawimbi ya setilaiti, haihitaji data, kwa hiyo utaona ulipo hata bila bando. Utakachokosa ni hali ya foleni. Tiketi na anwani ya hoteli zipige picha ya skrini, usitegemee barua pepe kufunguka mlangoni. Anwani na namba mbili za simu ziandike pia kwenye karatasi, uiweke mfuko tofauti na simu.

SWALI: Nina watoto wawili, wa miaka minne na saba. Mdogo hutapika kwenye basi. Nifanyeje?

Mama, kata orodha nusu kwa nusu: jambo moja asubuhi, jambo moja jioni, na katikati mrudi chumbani mdogo alale. Kwa safari hii lipia chumba cha katikati.

Kutapika hutokea pale sikio la ndani linapohisi mwendo huku macho yakitazama kitu kilichotulia, kama kitabu au simu. Basi mkalishe mbele, atazame mbali kupitia kioo cha mbele, simu asiishike. Apewe chakula chepesi saa moja au mbili kabla ya safari. Tumbo tupu si bora kuliko lililoshiba sana. Dawa za kichefuchefu cha safari hufanya kazi zikinywewa kabla ya kuondoka, si baada ya kuanza kutapika, na kipimo cha mtoto mwulize mfamasia ukimtajia umri na uzito. Mifuko miwili isiyovuja na nguo moja ya kubadili vikae juu kabisa ya begi la mkononi, siyo chini ya basi.

Kila mtoto awe na namba yako ya simu kwenye karatasi mfukoni. Asubuhi, kabla hamjatoka, wapige picha walivyovaa.

SWALI: Tunakwenda marafiki wanne na kila safari tunagombana kuhusu pesa. Kuna utaratibu?

Upo. Nauli na chumba kila mtu alipe mapema, kabla ya siku ya safari. Asiyelipa hadi siku tatu kabla hahesabiwi. Huko mwendako wekeni kapu moja la vitu vya pamoja tu: teksi, maji, chakula mnachokula pamoja. Kila mmoja achangie kiasi sawa, mmoja ashike, na kila matumizi yaandikwe hapo hapo. Viingilio, zawadi na vinywaji vya mtu binafsi visiguse kapu. Asiyekula anachokula mwingine aseme mwanzoni, achangie maji na teksi tu, basi.

Juu ya bajeti, kila mtu abebe asilimia 15 hadi 20 ya ziada, iliyotengwa na pochi, kwa ajili ya kulala usiku wa ziada usiotarajiwa. Kapu likibaki na salio, ligawanyeni mkiwa bado stendini mnasubiri basi la kurudi. Mkishashuka nyumbani kila mtu hushika njia yake, na aliyeshika kapu ndiye atakayesumbuliwa wiki nzima.