Maswali yenu ya koding: CV 60 bila jibu, mteja wa "ntakutumia Ijumaa" na mengine

Maswali yamejaa tangu niseme mtume, mengi yanafanana, kwa hiyo nimechota haya machache yanayobeba na wenzake. Kwa msionijua, mi naandika programu hapa Dar, huu mwaka wa tisa, nimeajiriwa mara mbili, nimepunguzwa kazini mara moja, na hapo katikati nimesota na vibarua vya kila aina. Mama yangu mzazi nikimwambia naandika "kodi" (yaani code, maagizo ya kompyuta) bado anajua nipo TRA, kwa wakusanya ushuru. Twende.

Nimemaliza chuo Dodoma mwaka jana, digrii ya sayansi ya kompyuta. Nimetuma CV zaidi ya 60, hakuna hata mmoja aliyejibu. Nakosea wapi?

Pole sana mdogo wangu. Ngoja nikuambie kinachotokea upande wa pili, maana mwaka juzi nilikaa mezani kusoma CV za nafasi moja tu ya mtu anayeanza. Zilikuwa nyingi mno na baada ya ishirini za kwanza nikawa kama nasoma CV moja. Kila mtu ana mfumo wa maktaba au mfumo wa kupanga vyumba vya hosteli, ile projekti ya mwaka wa mwisho, kila mtu anajua lugha saba, kila mtu ni "mchapakazi anayefanya kazi bila kusimamiwa". Ukifungua GitHub yake (tovuti ambayo waandika programu wanaweka kazi zao) unakuta kitu kimoja kimepakiwa siku moja chote, kimeandikwa "first commit", yaani hifadhi ya kwanza, basi.

Tuliyemchukua hakuwa na ufaulu mkubwa kuliko wengine. Alikuwa na shangazi yake mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kigamboni, watu wanakopa saruji na nondo, wanalipa kidogo kidogo kwa simu, shangazi anaandika kwenye daftari. Dogo akatengeneza kitu cha kufuatilia hayo madeni, akaandika aya mbili za Kiswahili kueleza kilimsumbua nini. Kwanza mteja mmoja alikuwa anatokea mara tatu, kwa sababu namba yake iliandikwa ikianza na 07, mahali pengine 255, pengine +255 na nafasi katikati, na alipojaribu kutumia Excel ile sifuri ya mbele ikaliwa. Akaamua kila namba ikiingia inageuzwa ianze na 255, kwisha. Halafu simu ya duka ilikuwa inasoma meseji ya malipo inaipeleka kwenye seva, siku moja mtandao ukakatika katikati, simu ikaituma tena, fundi mmoja akapunguziwa deni mara mbili kwa malipo yale yale. Shangazi aligundua kwa daftari! Dogo akaanza kutunza namba ya muamala, ikija ambayo ipo tayari inakataliwa. Alipomaliza kueleza hiyo sisi hatukuwa tena na swali, maana hilo tatizo la malipo kuingia mara mbili ofisini kwetu lilishatutoa jasho na tulikuwa watu wazima wanne.

Kwa hiyo acha kutuma 60. Tafuta mtu mmoja mwenye daftari, awe mama lishe, saluni, kikoba cha mtaani kwenu, mtengenezee kitu, akitumie miezi miwili kiharibike mikononi mwake, ukitengeneze, alafu ndo utume CV tano ambazo juu kabisa kimeandikwa hicho. Hosteli toa.

Nina form six tu, chuo sikwenda. Kuna atakayenichukua?

Serikalini usijisumbue kwa sasa, tangazo la Afisa TEHAMA kwenye Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, linataka cheti cha chuo na bila hicho hufiki hata kwenye usaili wa maandishi. Kampuni ndogo binafsi ndo mlango wako, pale wanauliza unaweza nini. Benki na makampuni ya simu mara nyingi nako wanaanza na digrii, ila kuna watu wameingia kwa kupitia kampuni ndogo inayowafanyia kazi hao hao wakubwa. Njia ndefu kidogo lakini inapitika, nawajua waliopita.

Nianze na lugha gani?

Hili huwa linaletwa kama swali la ndoa. Fungua matangazo ya kazi kumi ya mji unaotaka kufanya kazi, hesabu. Hapa Dar utakutana na PHP sana, hasa ikiandikwa kwa Laravel (mkusanyiko wa zana za PHP), JavaScript kila kona, Java kwenye mabenki, Python kwenye mambo ya data. Chagua moja ukae nayo mwaka. Ukihamahama kila mwezi utakuwa umesalimia lugha tano na hujaongea na hata moja.

Mimi ni mama, mwanangu ana miaka 22, anashinda chumbani na kompyuta anasema anajifunza koding. Bando nanunua mimi. Nimwache au nimtafutie kazi ya maana?

Shikamoo mama. Swali lako limenifurahisha kuliko yote maana mama yangu alitaka kuuliza hivyo hivyo, akakosa wa kumuuliza.

Mama, usimuulize anajifunza nini, atakujibu maneno ambayo hata mimi yananichosha. Mwambie kila Jumapili akae na wewe nusu saa akuonyeshe kitu ambacho wiki iliyopita hakikuwepo. Kikiwa kidogo hakina shida, hata kitufe kimoja kilichokuwa hakifanyi kazi sasa kinafanya. Anayejifunza kweli huwa anacho cha kuonyesha na mara nyingi atakuonyesha mpaka uchoke wewe. Jumapili nne zikipita anasema bado anaangalia video tu, hapo mama una haki ya kuuliza kuhusu bando. Na kama una biashara yoyote, hata ya vitenge, mpe ndo iwe kazi yake ya kwanza, ila mlipe hata kidogo, na umsumbue kama mteja.

Sina laptop, nina simu ya Android. Naweza kuanza?

Kuanza ndiyo. Kuna Termux, programu ya Android, inakuwezesha kuandika na kuendesha Python kwenye simu, na masomo ya freeCodeCamp ni ya bure na yanafunguka kwenye brauza. Vidole vitauma na utakuwa unatafuta mabano kwenye kibodi kama mtu aliyepoteza funguo, lakini miezi mitatu ya mwanzo inatosha. Baada ya hapo unahitaji mashine. Usinunue mpya, tafuta iliyotumika ya ofisi, zile ThinkPad ngumu, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) angalau GB 8 na diski ya SSD, ile ya kasi, na ukienda Kariakoo nenda na mtu anayejua, uichomoe chaja mbele ya muuzaji usubiri nusu saa uone betri inasemaje. Muuzaji akianza kuwa na haraka, ondoka.

Mteja wangu wa kwanza anataka mfumo wa duka lake, nimtoze bei gani?

Bei siwezi kukutajia maana sijui duka, ila hesabu siku zitakazokula, zidisha mara mbili kwa sababu wote huwa tunajidanganya kwenye siku, kisha zidisha na pesa unayohitaji kwa siku. Gharama za jina la tovuti na seva ziandike pembeni kwamba ni za kila mwaka na ni zake, zisimezwe na ufundi wako, la sivyo mwaka ujao utakuwa unamlipia mteja seva kwa hela ya mfukoni.

Ila bei sio ugonjwa kaka. Ugonjwa ni kulipwa. Mwaka wangu wa pili nilitengenezea shule moja ya binafsi mfumo wa kufuatilia ada, nikafanya miezi miwili, nikawakabidhi kila kitu na nywila zote siku ya kwanza kwa sababu mhasibu alikuwa mtu mzima mstaarabu sana anaongea taratibu. Akaniambia "ntakutumia Ijumaa". Nikazihesabu hizo Ijumaa, zilifika kumi na moja, ya kumi na mbili nikakuta ameacha kupokea simu. Na kinachouma zaidi, mfumo wangu wenyewe ulikuwa unaonyesha ada inavyoingia vizuri.

Tangu hapo nachukua nusu kabla sijafungua kompyuta, asilimia 30 akiuona unafanya kazi kwenye mashine yangu, na 20 ya mwisho kabla sijamkabidhi nywila. Karatasi moja, Kiswahili cha kawaida, tunasaini wote. Anayekataa kutoa nusu ya mwanzo hakuwa na ya mwisho pia. Na mteja akiwa kampuni jua kwamba atakukata 5% ya kodi ya zuio kwenye malipo ya huduma, hiyo ni halali, usimgombeze, mdai cheti cha hiyo zuio ukakitumie kwenye hesabu zako za TRA. Hiyo ndo kodi ambayo mama yangu anaielewa.

Kampuni imenipa "mtihani" wa wiki mbili, nitengeneze aplikesheni nzima ya oda za chakula, bila malipo, ndo waamue kama wananiajiri. Ni kawaida?

Hapana dada. Mtihani wa kawaida unakula masaa matatu, manne, ukizidi sana siku moja, na kitu chenyewe huwa cha kuchezea. Wakikuomba kitu kizima chenye nembo yao hiyo ni kazi. Wajibu kwa upole kwamba utafanya sehemu moja, mfano ukurasa wa kuweka oda, na kwamba nyingine mnaweza kukubaliana malipo ya siku. Wakinuna umeshajua wangekulipaje mshahara.

Mimi mwalimu wa hesabu sekondari, nina miaka 38 na watoto wawili. Nimechelewa?

Mwalimu, hujachelewa ila kazi usiache kwanza. Na usikimbie ualimu wako, ndo mtaji. Niliwahi kuona mfumo wa matokeo uliotengenezwa na vijana wazuri kabisa, wanajua kodi kuliko mimi, wakajumlisha pointi za masomo yote ya mwanafunzi wa kidato cha nne ili kupata divisheni, wakati pointi chache ndo ufaulu mzuri. Aliyesoma masomo tisa akawa anaadhibiwa kwa kusoma mengi! Wewe ungewaambia ndani ya dakika moja kwamba yanachukuliwa saba yaliyofanya vizuri, 7 mpaka 17 ni divisheni wani. Hiyo dakika moja ina bei. Anza na ripoti za darasa lako, kisha shule yako, kisha ya jirani, saa moja na nusu kila usiku watoto wakilala. Mwaka wa kwanza utaona kama husogei.

AI si inaandika kodi yenyewe sa hivi, nijifunze kwa faida gani?

Inaandika, na mi naitumia kila siku, sitajifanya mtakatifu. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022 vile vikazi vya kuanzia, kutengeneza fomu, kubadilisha rangi, vimepungua kwetu, na anayekuambia hakuna kilichobadilika anakuuzia kozi. Lakini sikia hii. Tulikuwa na kazi ya kutuma meseji za kuwakumbusha kina mama tarehe za kliniki, AI ikaandika kodi safi kabisa, mi kwa uvivu nikaipitisha. Miadi ya asubuhi saa 8 ya saa za kizungu ikatoka kwenye meseji "saa 8 asubuhi". Saa nane asubuhi! Mtu mwenye akili timamu atasoma hapo atafikiri wamekosea neno, ni saa nane mchana, na ndo walivyofanya, wamekuja mchana wamekuta nesi keshafunga. Ilitakiwa saa 2 asubuhi. Mashine haikukosea hesabu, ilikosa kuishi hapa. Aliyekosea ni mimi niliyeishi hapa na sikusoma.

Kwa hiyo jifunze, ila jifunze kusoma kodi kama unavyojifunza kuiandika. Ikikuandikia kitu usichoweza kukieleza mstari kwa mstari, usikipeleke kwa mteja.

Niko Mombasa, nataka kazi za kampuni za nje nikiwa nyumbani. Malipo na masaa inakuwaje?

Nyinyi Kenya mko vizuri, tangu 2018 hela ya PayPal mnaitoa moja kwa moja M-Pesa. Huku kwetu wengi tunapokea kwa Payoneer (huduma ya kupokea malipo ya nje) au benki. Masaa ndo yapime kabla hujasaini. Ujerumani tunawazidi saa moja au mbili tu kulingana na msimu, unafanya kazi mchana unalala usiku kama binadamu. Ukipata ya California wao wakianza saa tatu asubuhi kwako ni saa moja au mbili usiku, na kikao chao cha mchana kinakukuta usiku wa manane.

Kingine, waambie watu wa nyumbani mapema kwamba kuwepo sio kuwa huru. Mi nilishatumwa gesi katikati ya kikao, kamera iko wazi, mama kasimama mlangoni na mtungi, Wajerumani watano wanatazama. Nikaenda kuuchukua.