Bei elekezi na mchele unaotoweka

SWALI: Assalaam aleikum. Kwa nini bei elekezi ya mchele (bei ya juu kabisa inayopangwa na serikali) ikishatangazwa, hapa Wete, Pemba, mapolo hupungua madukani, kisha huuzwa kwa siri kwa bei ya juu?

JIBU: Waaleikum salaam. Mchele wetu mwingi huagizwa ng'ambo. Kwa hiyo bei ikiwekwa chini ya gharama za meli, bandari na kuvusha mzigo kutoka Unguja, mwagizaji huchelewesha shehena ijayo, na iliyopo huhamia kwa wauzaji wasiotoa risiti, wanaopima kwa kibaba na pishi. Bara waliyaona haya zamani: katika miaka ya 1970 Shirika la Usagishaji la Taifa lilikuwa mnunuzi halali wa mahindi kwa bei iliyopangwa, na lilipochelewa kulipa, mkulima aliuza kwa walanguzi. Mwaka 1984 iliruhusiwa kusafirisha hadi kilo 500 za nafaka bila kibali, na biashara ya magendo ikaanza kutoka hadharani. Kwa maoni yangu, kupunguza ushuru (unaotozwa na serikali hiyo hiyo inayolalamikia bei) kunafaa kuliko kumkimbiza mwenye duka, ila waagizaji wakiwa wachache, nafuu hiyo huishia ghalani mwao.