Kilwa Kisiwani na mtoto wa miaka miwili

Ndugu uliyeuliza kama mtoto wa miaka miwili anaweza kupelekwa Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya kale kusini mwa pwani ya Tanzania, na kurudi siku hiyo hiyo, anaweza, mradi mchukue kibali Kilwa Masoko, mji wa bara ulio mkabala nacho, na kuvuka asubuhi, kabla jua halijawa kali. Sisi tulimbeba wetu mgongoni kwa kanga, kwa kuwa kigari cha mtoto hakifai kwenye njia za mchanga na mawe. Msikiti Mkuu, upande wenye kuba, una kivuli kizuri cha kumlishia. Husuni Kubwa, jumba la sultani la karne ya 14 lililo juu ya genge la bahari, ndiko mtakakomshika mkono muda wote, hasa karibu na birika la pembe nane, ambalo mwanangu alilia akitaka kuliingia.