Pochi ya Karama na bangili za bibi yako

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi hatujambo. Mguu wa baba yako umepungua kuvimba, na mwembe wa uani umezaa mpaka tunagawia majirani.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema pale Karama, huko kwenu Dubai, ulipandishwa ngazi, ukapitishwa nyuma ya kabati la nguo, ukakuta pochi za Louis Vuitton zimepangwa ukuta mzima, kopi namba moja, na muuzaji akakuapia kwamba hata wenyewe wa Paris hawazitofautishi. Unataka kununua mbili, moja yako na moja yangu, tuzibebe kwenye harusi ya binti wa shangazi yako. Ukaniuliza, "Mama, watu wa Tanga watajua?"

Hawatajua. Atajua nani? Hapa Ngamiani kila barabara utakayopita utakutana na pochi hizo kwapani mwa watu, na sidhani kama kuna hata moja iliyotoka Ufaransa. Kama unataka kujua hilo tu, jibu umeshalipata. Lakini tangu juzi silali vizuri, na kinachonikosesha usingizi ni zile bangili zangu sita.

Unazijua. Ndizo ulizojifunzia kuhesabu, ukifika sita unaanza upya. Unajua pia kwamba nilivishwa na bibi yako wa Pangani siku ya harusi yangu, mwaka 1989. Usilolijua ni kwamba si dhahabu. Ni za kuchovya.

Siku ile nimekalishwa, wanawake wa pande zote mbili wamejaa chumba kizima, wengine wamesimama mlangoni. Mavyaa wangu, huyo bibi yako, akapita katikati yao, akaniinua mkono, akanivisha moja moja. Kila ikiingia, kigelegele. Watu wakawa wanahesabu kwa sauti: mbili, tatu, nne. Dhahabu nzuri wakati ule ilikuja na mwenye ndugu Maskati au Dubai, na mwari aliyevishwa sita alikuwa mtu. Nami nikajiona mtu. Miaka minane nilipita sokoni na mkono wangu nje ya buibui ili zilie. Sikufichi, nilitaka zisikike.

Halafu ikaja ile mvua ya El Niño, mwisho wa 1997, ulipougua. Baba yako yuko baharini, barabara zimekatika, na daktari anasema usicheleweshwe. Nikazifunga bangili kwenye pindo la kanga, nikaenda kwa sonara mmoja wa mjini. Akachukua moja, akaikwaruza kidogo kwa tupa, akaisugua kwenye jiwe jeusi, ikaacha mstari. Akadondosha tindikali. Mstari wa dhahabu nzuri hubaki palepale. Wangu ulichemka, ukawa kijani, ukafutika. Yule mzee hakusema neno "bandia". Dukani mlikuwa na wanawake wengine. Alizirudisha zote sita kwenye kanga yangu, akazifunika kwa pindo, akasema taratibu, "Mama, hizi si za kuuza."

Nyinyi siku hizi mna nafuu. Ukiingia soko la dhahabu pale Deira unakuta imegongwa 916 kama ni ya karati 22, au 875 kama ni ya karati 21, na inapimwa mbele ya macho yako. Zangu hazikuwa na alama yoyote, na sikuwahi hata kujua kama kuna alama ya kutafuta. Unatazamaje alama kwenye kitu ulichovishwa na mama wa mumeo mbele ya watu?

Siku ya pili yake bibi yako akafika kutoka Pangani, amelowa, amepanda lori mpaka liliponasa, kisha akatembea kwa miguu. Alikuwa na pesa alizouzia nazi za msimu mzima, tena kwa bei ya shida. Ndizo zilizokutibu. Alipoingia tu, kabla hata hajakushika paji la uso, alinitazama mkono. Bangili ziko mkononi, nilikuwa nimezivaa tena. Akauliza, "Hukuziuza?" Nikamjibu, "Hazikuhitajika." Akakaa kimya, kisha akaomba maji ya kutawadha.

Kile kimya nimekitafsiri kwa kila namna. Kuna siku naona alijua tangu mwanzo, na njia nzima alikuwa akiomba nisifike kwa sonara. Kuna siku naona naye aliuziwa, akalipa pesa ya kweli, akashangaa tu kwamba sikuziuza mtoto akiumwa. Amefariki sijamuuliza. Allah amrehemu.

Mnanijua kwa neno langu moja: mtu apewe kitu pamoja na jina lake. Kama ni merikani, aambiwe merikani. Kama ni ya kuchovya, aambiwe ya kuchovya. Angeniita usiku ule pembeni akaniambia, "Mwanangu, hatuna, vaa hizi utusitiri," wallahi ningezivaa kwa raha mara mbili. Ningekuwa nimeaminiwa. Nilichoibiwa si dhahabu.

Lakini kila nikifika hapo najibishana na nafsi yangu. Angeniambiaje? Chumba kizima kilikuwa kinahesabu, na waliokuwa wakihesabu ni watu wa kwetu. Sisi ndio tuliotaka sita. Wala usidhani nawadharau wanaopenda kuonekana. Unguja utumwa ulipoondolewa kwenye sheria, mwaka 1897, wanawake waliokuwa wakivaa kaniki na merikani, nguo za kitumwa, walitafuta kanga za maua na za rangi ili yeyote atakayewatazama ajue kwamba hawana bwana tena. Nani atasema yale yalikuwa majivuno? Mtu aliyedharauliwa akitaka kutazamwa, ana haki. Nawe najua unavyotazamwa kazini kwako huko.

Kaka yako kanisomea habari za hao Louis Vuitton. Kumbe zile herufi mbili na yale maua alizibuni mtoto wa mwenye kampuni, Georges, mwaka 1896, kwa sababu masanduku yao ya safari yalikuwa yakiigwa mno. Aliweka alama ili kuwazuia waigaji, na leo waigaji wanaitaka alama yenyewe kuliko sanduku. Hilo limenikaa moyoni. Bibi yako mzaa mama hakuwa akinunua kanga mpaka asome pembeni "Mali ya Abdulla", lakini baada ya hapo aliinusa, akaivuta, akaiangalia kwenye jua. Alama ilikuwa mwanzo wa kuikagua nguo, bado nguo yenyewe ilikuwa na deni la kumridhisha. Hiyo pochi umeivuta kamba? Umetazama mshono wake ndani? Ujumbe mzima umenitajia herufi tu.

Najua utasema mbona huku kwetu tunaazimana dhahabu za harusi na hakuna anayelalamika. Ni kweli, na ile methali ya nguo ya kuazima kutositiri matako mimi sikuikubali kamwe, maana imenisitiri mara nyingi. Ya kuazima ina mwenyewe, anakaa pale mbele anakutazama, na kesho unamrudishia na sahani ya wali.

Basi nibebe pochi yako au nisibebe? Neno langu ninalo, liko ulimini, na sitalisema, kwa sababu wewe umefanya ambalo bibi yako hakulifanya: umeniambia jina lake kabla hujanipa. Hilo nakushukuru. Ila siku ya harusi wifi yangu mmoja atanishika mkono aniulize, "Hii ndiyo yenyewe?" Unataka nimjibu nini? Niandikie hilo kwanza, ndipo ulipe.

Nina moja limebaki. Shangazi yako amepiga simu. Anataka zile bangili za mama yake, amvishe binti yake siku ya kutolewa, maana anasema hakuna kumbukumbu nyingine ya marehemu iliyobaki. Nimemwambia aje. Anakuja Ijumaa. Nimezitoa kwenye kopo la maziwa, nimezisugua kwa ndimu na majivu, zinang'aa kama siku ile. Bado sijamwambia. Mara tatu nimeshika simu nikairudisha chini.

Ukizungumza naye kabla ya Ijumaa, usiseme kitu. Niachie mimi.

Mama yako